Zamu ya Mchana

Siku mwalimu wa jiografia aliporudi kutoka kwenye semina, wenzake walimpokea kwa kicheko. Alikuwa amekumbatia ramani mpya iliyoviringishwa, ndefu kama mkeka, na kabla hajapata pa kuiegemeza, mwalimu wa sayansi, ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, alisimama akampigia saluti.

"Haya, Bi Dunia amefika! Mpisheni jamani, msije mkakanyagwa na mabara."

Chumba cha walimu kikaangua kicheko. Jina likamganda papo hapo, na kufikia kengele ya kutoka hata watoto walikuwa nalo.

Mwalimu mkuu hakucheka. Alikuwa mtu wa kungoja kustaafu kwa amani, na kila jipya lilimpa kiungulia. Alimwita ofisini, akafunga mlango.

"Wakubwa wamesema kila shule ifundishe elimu ya uraia wa dunia. Sawa, fundisha. Lakini fundisha taratibu, mama. Unajua hali yetu hapa. Usije ukaniletea hiyo dunia yote mlangoni."

Hali yenyewe ilikuwa hii. Tangu mvua za mwaka uliopita, watu waliokimbia vita ng'ambo ya mpaka walikuwa wamewekwa kwenye maghala ya zamani kando ya reli, na watoto wao wakaletwa shuleni kwa amri. Wenyeji waliwaita wakuja. Katika darasa la saba, watoto wa maghala walikaa nyuma kabisa, karibu na dirisha lisilo na kioo. Mbele yao ulikuwepo mstari mzima wa madawati ambao hakuna aliyeukalia, ingawa huko mbele wenyeji walibanana watatu watatu kwenye dawati la wawili. Bi Dunia aliwahi kuwachanganya kwa mkono wake mwenyewe. Kesho yake asubuhi alikuta madawati yamerudi yalikokuwa, na ule mstari mtupu upo vilevile, umenyooka kama umepigwa rula. Bombani nako ilikuwa hivyohivyo: mtoto wa maghala akishakunywa, anayefuata anasugua bomba kwa mchanga kabla hajakinga mdomo.

Kamati ya wazazi ilikuwa imeshachoka kusubiri. Ilitaka shule igawanywe, wenyeji wasome asubuhi, wakuja wasome mchana, tena wasikutane hata getini. Na aliyelishikia bango jambo hilo hakuwa mtu baki. Alikuwa dada yake Bi Dunia, toka nitoke, mwenyekiti wa kamati, fundi cherehani ambaye kibanda chake kilitazamana na geti la shule na ambaye alishona sare za nusu ya watoto walioingia pale.

Dada huyo ndiye aliyemsomesha. Baba yao, fundi wa reli, alifariki mapema, na cherehani ile ya miguu ndiyo iliyompeleka Bi Dunia chuo cha ualimu. Kwa hiyo hawakuwa wakigombana. Walikuwa wakipishana tu, kila mmoja akimeza lake.

Somo la kwanza lilikwenda vizuri kuliko alivyotarajia. Aliwaambia watoto wageuze kola za mashati ya wenzao na ndimi za viatu, wasome vibandiko. Shati limefumwa bara hili, limeshonwa bara lile. Kalamu imevuka bahari mbili. Betri ya saa ya ukutani imetoka kusikojulikana hata jina. Watoto walivutana kola, wakacheka, wakagombania kwenda kuchomeka pini kwenye ramani. Mpaka kengele inalia, dunia nzima ilikuwa imejaa pini, na Bi Dunia alikuwa amelewa sifa zake mwenyewe. Ndipo alipowapa kazi ya nyumbani bila kuipima.

"Mashati tumeyajua yalikotoka. Sasa sisi. Nendeni mkawaulize wazee wenu: kabla ya kuwa hapa, tulikuwa wapi? Ijumaa kila mtu atasimama atueleze."

Ijumaa wakasimama. Mmoja babu yake alishuka milimani kutafuta malisho. Mwingine ukoo wao ulikuja na ujenzi wa reli. Mwingine akasema wao hawakutoka popote, walikuwepo tangu Mungu aumbe, na darasa likashangilia. Ilipofika zamu ya nyuma, alisimama msichana waliyemwita Kimya, mrefu, mwenye sauti ambayo hata mwalimu alikuwa ameisikia mara chache.

"Tulitoka nyumbani," alisema, akakaa.

Bi Dunia angeliacha hapo, pangekuwa pazuri. Lakini semina ilikuwa bado imemjaa kichwani. "Simama kidogo, mwanangu. Nyumbani wapi? Njoo utuonyeshe kwenye ramani."

Kimya akaenda mbele. Akaitazama ramani muda mrefu, kidole kikitambaa juu ya karatasi, kikirudi, kikisita. Mbele mtu mmoja akacheka puani.

"Haipo," alisema Kimya. "Imechomwa."

"Hata kwenye ramani?" akauliza mvulana mmoja, na kicheko kikalipuka darasa zima.

Hapo ndipo aliposimama mtoto ambaye zamu yake ilikuwa bado. Alikuwa binti wa dada yake, mpwa wake mwenyewe, ambaye nyumbani wote walimwita Kasuku kwa sababu hakuna neno lililoingia sikioni mwake likakosa kutokea mdomoni. Uso ulikuwa umemwiva kwa hasira.

"Mnacheka nini? Hata bibi yangu alitoka huko. Nimemuuliza jana, akaniambia. Alikimbia vita vya zamani, amembeba mama mgongoni kwa sababu miguu yake ilikuwa imevimba. Wakalala kwenye maghala hayohayo. Mama yangu na yeye alikuwa mkuja!"

Kicheko kilikatika kama uzi. Bi Dunia alijua kwamba mama yao alitoka mbali, na kwamba fundi wa reli alikuwa baba mzazi wa mmoja tu kati ya wale mabinti wawili aliowapa jina lake. Lakini alilijua hilo kama mtu anavyojua kuna chumba ndani ya nyumba ambacho hakifunguliwi. Anapita mlangoni kila siku, hajawahi hata kugusa kitasa.

Kabla ya saa ya chakula habari ilikuwa imevuka geti.

Dada alimngoja nje ya kibanda chake, tepe ya kupimia shingoni, pini zimechomekwa kifuani. Hakumwambia karibu.

"Umefurahi?"

"Dada, sikujua kama mama atamwambia..."

"Hukujua! Wewe na shahada yako hukujua kwamba mtoto akiuliza mzee hujibu? Umewatuma watoto waende kuchokonoa nyumba za watu, halafu unasema hukujua?"

"Ni somo, dada. Limeagizwa. Ni kuwafundisha kwamba sisi sote..."

"Sisi sote nini?" Dada alisogea, mpaka Bi Dunia akaona mishipa ya shingo yake. "Wewe na nani sisi sote? Wewe umezaliwa hospitali ya hapahapa, baba yako amekupokea kwa shuka jeupe. Mimi niliitwa mkuja kwenye hiyo shule unayofundisha mpaka nikajifunza kusema kama wao, kucheka kama wao, kutukana kama wao. Nimejishona upya, mdogo wangu, mshono kwa mshono, hakuna aliyeona pindo. Leo umeufumua mbele ya watoto wa watu, kwa faida ya ramani!"

"Kama yalikukuta, basi wewe ndiye ungewaonea huruma hawa."

"Nani amekwambia huruma inatoka huko?" alisema dada. Akaingia ndani, akakanyaga cherehani kwa nguvu hata ikalia kama imepandwa na wazimu.

Mkutano wa wazazi ukaitishwa Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa shule. Ulifurika mpaka watu wakakaa madirishani. Watu wa maghala hawakualikwa. Bi Dunia alikaa safu ya mbele na karatasi mbili alizoandika usiku kucha, maneno mazuri, yenye mpangilio. Mwalimu mkuu alifuta jasho, akafungua mkutano, na kabla hajamaliza kukaribisha, muuza nyama akanyanyuka kutoka katikati.

"Mimi nataka kujua kitu kimoja. Tunaambiwa wakuja wahamishwe mchana, sawa, naunga mkono. Lakini mbona mwenyekiti wetu mwenyewe ni mkuja? Naye tumhamishie mchana?"

Ukumbi ukavuma. Wengine walicheka, wengine waliangalia chini, wengine walinyoosha shingo wamwone mwenyekiti akichanika. Bi Dunia hakuthubutu kumtazama dada yake.

Dada alisimama bila haraka. Alikuwa amevaa gauni lake zuri kuliko yote, la kujishonea.

"Ndiyo," alisema. "Nililala kwenye maghala yale. Nani mwingine ana swali? Maana hilo limejibiwa." Akamgeukia muuza nyama. "Na wewe umelisahau moja. Tulisoma wote. Ulinitemea mate pale bombani, mbele ya darasa zima, nami nikakung'oa jino. Hebu fungua mdomo, watu waone pengo."

Kicheko kilichofuata kilitikisa mabati. Muuza nyama alikaa, mkono mdomoni, na mke wake alikuwa wa kwanza kucheka. Dada aliwangoja wamalize.

"Hakuna aliyenisogezea dawati," aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa ngumu kama mbao. "Hakuna aliyenifundishia dunia. Hakuna mwalimu aliyenisimamisha mbele ya ramani akaniliwaza. Nilipigana, nikashona, nikala jasho langu, na leo hakuna kati yenu ambaye mwanawe hajavaa mkono wangu. Hivyo ndivyo mtu anavyokuwa mtu wa mahali. Hawa nao wapite njia hiyohiyo. Wakasome mchana, wapigane mchana, wakiweza tutawaona. Mwanangu hatabanwa kwenye dawati kwa sababu mimi niliteseka. Niliteseka ili asibanwe."

Walimpigia makofi mpaka wakasimama. Bi Dunia akajikaza, akainuka na karatasi zake.

"Ndugu wazazi," alianza, "naomba..."

"Kaa chini," alisema dada yake.

Hakupaza sauti. Aliisema kwa sauti ileile aliyomwambia kula, koga, shika daftari, tangu akiwa mtoto wa kuvuta sketi. Na miguu ya Bi Dunia, mtu mzima, mwalimu mwenye darasa lake, ilitii kabla kichwa hakijaulizwa. Alikaa. Alipotambua kwamba amekaa, mikono ilikuwa imeshanyooshwa juu ukumbi mzima, na mwalimu mkuu alikuwa akitangaza, kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo, kwamba kuanzia juma lile kutakuwa na zamu mbili.

"Na lile somo?" mtu akauliza.

"Litasubiri," alisema mwalimu mkuu. "Dunia haina haraka."

Kesho yake, dada akiwa kibandani, Bi Dunia alikwenda kumwona mama yao, ambaye aliishi kwa binti yake mkubwa. Alimkuta uani, anachambua mchele kwenye ungo. Akamwamkia, akakaa kwenye kigoda, akaanza kulia kabla hajasema neno. Mama hakumbembeleza.

"Unalia nini? Aliyeumbuliwa si wewe."

"Mama, kwa nini ulimwambia Kasuku?"

"Kwa sababu aliniuliza." Mama alitoa jiwe, akalitupa. "Mtoto alikuja akakaa hapo ulipokaa, akasema, bibi, kabla ya hapa tulikuwa wapi? Miaka yote niliyoishi hapa hakuna mtu aliyeniuliza hivyo. Baba yako hakuniuliza, alidhani ananisitiri. Dada yako hathubutu. Na wewe umesoma ukamaliza, ukaenda kuwatuma watoto wa watu wakaulize wazee wao. Wa kwako ulimuuliza lini?"

Maneno yale yalimkata Bi Dunia kuliko yote ya ukumbini. Akafuta uso kwa kiganja.

"Nikuulize sasa?"

"Sasa nimechoka," alisema mama. "Na dada yako akirudi akakukuta hapa itakuwa vita, na mimi vita nimevikimbia mara moja inatosha. Nenda. Nitabaki naye. Wewe hukuwahi kuwa mzito mgongoni kwangu kama yeye, ndiyo maana siwezi kumwacha."

Zamu ya mchana ilipotafutiwa walimu, kila mtu aliangalia pembeni. Mchana ni joto, mabati yanatema moto, na jioni hufiki nyumbani mapema. Bi Dunia akasema ataichukua. Mwalimu wa sayansi hakuiacha nafasi ipite.

"Bi Dunia amepata raia wake!"

Safari hii hakuna aliyecheka sana.

Alidhani watoto wa maghala watampokea kama mkombozi. Alikuta darasa limekaa mbele safari hii, madawati yote ni yao, na nyuso zao zimefungwa kama maduka siku ya msiba. Alipoanza kutundika ramani, Kimya alinyoosha mkono. Kila mtu aligeuka.

"Mwalimu, unataka kutufundisha dunia?"

"Nilifikiri tuanzie pale tulipoishia."

"Dunia tunaijua. Tumeitembea kwa miguu." Alisema bila ufidhuli, na hilo ndilo lililouma. "Ile Ijumaa uliniita mbele ili wengine wajifunze. Wakajifunza kunicheka. Mimi nilijifunza nini?"

Bi Dunia alibaki ameshika ramani kwa ncha mbili. Maneno ya semina yalimpita kichwani moja moja, na hakuna hata moja lililokubali kusimama.

"Nilikukosea," alisema hatimaye.

Kimya alipokea hilo kama mtu anavyopokea chenji, bila kuhesabu na bila kushukuru. "Tufundishe hesabu. Mtihani hauulizi tulitoka wapi."

Basi akaviringisha ramani, akafundisha hesabu. Hakuwa mtu wa hesabu. Ilimbidi ajifunze asubuhi alichofundisha mchana, na watoto wale walikuwa wakali. Akikosea walimwambia amekosea, akijikanyaga walimngoja kwa macho makavu mpaka ajinasue. Hawakumpenda. Lakini hakuna aliyekosa kipindi.

Mchana mmoja walipokuwa katikati ya hesabu za kujumlisha sehemu, mlango ulisukumwa, akaingia Kasuku. Alikuwa bado kwenye sare za asubuhi, begi mgongoni. Kutoka getini hakuwa amekwenda nyumbani.

"Zamu yako imekwisha," mvulana mmoja wa mbele alimwambia.

"Najua."

"Sasa unatafuta nini?"

"Nakaa."

Hakuna aliyesogea kumpa nafasi. Kasuku alitazama dawati moja baada ya jingine, kila aliyekutana naye macho akaangalia pembeni, na Kimya pia hakuinua uso kutoka kwenye hesabu yake. Basi mtoto akakaa sakafuni, chini ya ubao, akatoa kalamu. Bi Dunia alijua anapaswa kumfukuza. Akaendelea kuandika.

Hawakufika mbali. Sauti ya dada ilisikika tangu uwanjani, na ilipofika mlangoni yeye mwenyewe alikuwa amejaa kizingiti chote, tepe shingoni, kipande cha uzi mweupe kimemng'ang'ania begani.

"Toka!" alimwambia bintiye. Kisha akamnyooshea mdogo wake kidole. "Na wewe. Umeninyang'anya uso wangu, sasa unaninyang'anya mtoto? Sikukuzaa, lakini nilikulea, na leo nasema mbele ya hawa: mimi na wewe basi. Usikanyage kwangu. Hata nikifa usije..."

Hakumaliza. Kwa sababu nyuma ya kidole kile, darasa zima lilikuwa limesimama. Ndivyo watoto walivyozoezwa kila shule: mtu mzima akiingia, husimama. Madawati yalikwaruza sakafu, na zile nyuso zilizofungwa zikamgeukia zote kwa pamoja.

"Shikamoo, mama!"

Kidole cha dada kilikuwa bado hewani. Aliwatazama kuanzia wa mbele mpaka wa nyuma: mashati yaliyofuliwa yakachakaa, sketi zilizofupishwa na kurefushwa kwa mikono isiyojua kushona, magoti yenye vumbi la njia ya reli. Wao hawakukaa, kwa sababu hajaitikia. Wakaendelea kusimama, wakimtazama, na kadiri kimya kilivyorefuka ndivyo ilivyodhihirika kwamba hawatakaa.

Bi Dunia, aliyemjua dada yake maisha yake yote, hakuwahi kuona uso ule.

"Marahaba," alisema dada, kwa sauti ndogo, ya kukwaruza, kama imevutwa kwa kamba.

Wakakaa. Akamshika Kasuku mkono, akamwinua kutoka sakafuni, akatoka naye bila kugeuka nyuma. Kutoka dirishani walionekana wakivuka uwanja, mtoto akiburutwa nusu ya njia, na nusu iliyobaki wakitembea sawa, wote wawili wameinamisha vichwa.

Hakurudisha neno lake. Mwaka ule ulikwisha hajamsemesha mdogo wake, na walipokutana getini dada aliangalia pembeni kana kwamba anapisha gari. Kasuku alisoma asubuhi kama wengine. Zamu mbili zikabaki zamu mbili.

Lakini mchana ule, dada alipokwisha kutoka, Bi Dunia alisimama mbele ya ubao, asijue alikuwa ameishia wapi. Darasa lilimngoja bila huruma yoyote.

"Asili sawa, mwalimu," alisema Kimya. "Ulikuwa unatafuta asili sawa ya zile sehemu mbili."

Akaandika.